Vimulimuli na Mwanga wa Jua: Historia ya Matunzo ya Macho Katika Uchina

Miongoni mwa hadithi ambazo watoto wa Kichina wamefundishwa kwa karne nyingi, ni chache zilizo mashuhuri kama ile ya Che Yin. Huyu alikuwa kijana maskini wa karne ya 4, katika zama za ufalme wa Jin, ambaye hakuwa na fedha za kununulia mafuta ya taa. Usiku wa majira ya joto alikamata vimulimuli, akawatia katika mfuko wa hariri nyepesi, akasoma kitabu chake kwa mwanga wao mpaka usiku ukawa mwingi. Mwenziwe katika umaskini na katika ari, Sun Kang, alisoma wakati wa baridi kwa nuru iliyorudishwa na theluji. Wote wawili walipata vyeo, na visa vyao vikaingizwa katika Sanzijing, kitabu cha kwanza cha watoto, ili kila mvivu aone haya. Kitabu chasifu bidii yao. Juu ya macho yao hakisemi neno.

Katika nchi ambayo kwa muda wa miaka kama 1,300, mpaka mwaka 1905, mlango wa cheo ulikuwa mtihani, jicho lilikuwa chombo cha riziki kwa msomi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Kuharibikiwa na macho kulikuwa ni kuharibikiwa na maisha. Ndiyo sababu matabibu wa Kichina walianza mapema kulishughulikia jicho. Na ndiyo sababu historia ya shughuli hiyo yafaa kujulikana na kila mtu aishiye kwa kusoma. Imejaa dawa, sindano, safari na makosa. Ndani yake mna mafundisho mawili yaliyokaa nyumba moja bila ya kupatana sana: moja lasema kuwa jicho huponywa kwa kitu kinachotiwa au kinachonywewa, la pili lasema kuwa jicho hulindwa kwa namna mtu anavyoishi. Mwendo wa karne ndio uliopima uzito wa kila moja.

Chanzo cha yote mawili kimo katika Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha utabibu wa Kichina, ambacho sehemu zake za kale zilikusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita. Humo ini limetajwa kuwa ndilo kiungo chenye mlango wake machoni. Ini likiwa na amani, macho hupambanua rangi. Matabibu waliofuata walilipanua fundisho hilo wakaligawa jicho katika magurudumu matano, kila gurudumu likitawaliwa na kiungo kimoja cha ndani: kope kwa wengu, pembe za jicho kwa moyo, weupe kwa mapafu, duara la rangi kwa ini, na mboni kwa figo. Aliyevimba kope alipewa dawa ya wengu, na aliyefifia mboni alipewa dawa ya figo. Ramani hiyo haikutokana na kulipasua jicho na kulitazama. Ilitokana na kuufananisha mwili na mpango wa ulimwengu, na elimu ya leo haikuikubali. Lakini kitabu hicho hicho kina onyo jingine, dogo na la kawaida, ambalo halikuhitaji ramani. Kinahesabu machovu matano yanayoudhuru mwili: kulala kupita kiasi, kukaa kupita kiasi, kusimama kupita kiasi, kutembea kupita kiasi, na la kutangulia yote, kutazama kupita kiasi.

Onyo hilo lilipata mfasiri wake mkubwa katika karne ya 7. Sun Simiao, tabibu aliyefariki mwaka 682, aliandika yapata mwaka 652 kitabu kiitwacho Qianjin Yaofang, maana yake maagizo ya dawa yenye thamani ya vipande elfu vya dhahabu. Katika sehemu inayohusu macho alipanga mambo 16 aliyoyaona kuwa ndiyo mizizi ya upofu. Baadhi yake ni ya zama zake, kama kula vitu vikali vibichi au chakula cha moto mno. Mengine yangeweza kuandikwa jana: kunywa pombe bila ya kikomo, kulitazama jua mara kwa mara, kusoma maandishi madogo usiku, kusoma kwa mwanga wa mbalamwezi, kunakili vitabu kwa miaka mingi, kuchonga nakshi nyembamba, kucheza michezo ya bao bila ya kupumzika, kukaa sana penye moshi, na kulia kupita kiasi. Ni dhahiri kuwa mtu huyu hakuipata orodha yake katika vitabu tu. Aliwatazama wagonjwa waliomjia, akawauliza kazi zao: huyu mwandishi, huyu mchonga nakshi, huyu mpishi aliyeinama juu ya moto tangu utoto. Kadiri orodha inavyokwenda, mtu aweza kuwaona wakipita mlangoni mmoja mmoja. Na kwa Che Yin na vimulimuli wake, orodha hiyo ilikuwa hukumu iliyokuja karne tatu baadaye.

Sun Simiao hakuishia katika maonyo. Aliwapa wagonjwa wasioona jioni maini ya wanyama wale. Ugonjwa huo Wachina waliuita macho ya shomoro, kwa kuwa ndege huyo giza likiingia hushindwa kuona. Sababu aliyoitoa ilikuwa ile ya Neijing: jicho ni mali ya ini, basi ini na lilishwe kwa ini. Sababu hiyo haikuwa sahihi, lakini dawa ilikuwa sahihi kabisa. Katika karne ya 20 wataalamu waligundua vitamini A, wakajua kuwa upungufu wake huleta upofu wa usiku na mwisho huharibu jicho zima, na kwamba ini ndilo ghala ya vitamini hiyo katika mwili wa mnyama. Mgonjwa wa karne ya 7 aliyekula ini akapona hakuponywa na nadharia; aliponywa na kitu kilichokuwa ndani ya chakula, ambacho tabibu hakukijua jina. Lakini nadharia kama hiyo hiyo ya mfanano ilipoachwa iende itakako, ilizaa dawa nyingine. Popo huruka usiku bila ya kugonga mti, basi kinyesi cha popo kikakaushwa, kikapewa jina zuri la mchanga unaong'arisha usiku, kikawekwa katika makabati ya wauza dawa. Hapo pana somo ambalo si la Wachina peke yao. Mapokeo ya kale hubeba lulu na kokoto katika mfuko mmoja, na uzee wa mfuko hautoshi kumwambia mtu lipi ni lipi.

Karibu na zama hizo hizo ilifika sindano. Ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao hulifanya lenzi ya jicho kuwa na ukungu mpaka mtu asione ila mwanga hafifu, ulikuwa ukitibiwa Bara Hindi kwa kulichoma jicho pembeni na kulisukuma lenzi lile chini, litoke mbele ya mboni. Ufundi huo ulisafiri kwa njia za misafara pamoja na dini ya Kibudha. Katika Waitai Miyao, mkusanyo wa Wang Tao wa mwaka 752, imeelezwa namna sindano ya dhahabu inavyofungua njia ya mwanga, na imekubaliwa waziwazi kuwa elimu hiyo ilitoka kwa Wahindi. Washairi nao walishuhudia. Liu Yuxi aliandika shairi kwa mtawa wa Kibrahmani aliyekuwa mganga wa macho. Bai Juyi, aliyeishi tangu mwaka 772 mpaka 846, aliandika mara nyingi juu ya macho yake yaliyochoka. Alitaja kitabu cha macho kilichokuwa juu ya meza yake na vidonge vya mbegu za jueming vilivyokuwa katika kijaluba chake. Aliona vyote havikumfaa, akauelekeza moyo wake kwenye sindano ya dhahabu. Katika maneno ya mshairi huyo mna sauti ya kila mgonjwa ambaye amekwisha kunywa kila alichoambiwa anywe, na bado maandishi yanazidi kufifia.

Sindano haikuwa bila ya hatari. Lenzi lililosukumwa halikutoka jichoni. Lilielea ndani, na mara nyingine lilirudi mahali pake. Uchafu wa sindano uliweza kulioza jicho zima, na maji ya jicho yaliweza kuzibiwa njia yake mpaka shinikizo likaua mshipa wa kuona. Wala si kila mganga mgeni alikuwa stadi. Habari za safari za mtawa Jianzhen, aliyekwenda Japani kufundisha dini, zaeleza kuwa macho yake yalipopungua nguvu njiani, yapata mwaka 750, alitibiwa na mganga wa kigeni aliyejisifu kuwa bingwa wa macho, na baada ya tiba hiyo akapoteza nuru yake. Hata hivyo alifika Japani, akafundisha mpaka mwisho wa maisha yake. Hadithi yake husimuliwa ili kusifu subira ya mtawa. Yafaa pia isimuliwe ili kukumbusha kuwa jicho halina kiraka.

Elimu hiyo ilikua katika nchi yake mpya. Zama za ufalme wa Song, chuo cha utabibu cha mfalme kililihesabu jicho kuwa fani ya peke yake. Mwaka 1644, mwaka ulioanguka ufalme wa Ming, Fu Renyu aliandika Shenshi Yaohan, kitabu kilichopanga magonjwa 108 ya macho pamoja na tiba zake, na mwaka 1741 Huang Tingjing alieleza kazi ya sindano katika hatua nane, kila hatua ikiwa na jina lake. Miwani nayo ilikuwa imekwisha kufika zama za Ming kutoka nchi za magharibi, na wazee waliosoma wakaipokea kama zawadi ya ujana. Lakini jambo moja halikusogea. Wakati Huang Tingjing alipokuwa akiipanga kazi ya kulisukuma lenzi, Mfaransa Jacques Daviel alikuwa karibu na kufanya kazi nyingine kabisa: mwaka 1747 alilitoa lenzi lenye ukungu nje ya jicho. Huko waliotazama kwa kupasua maiti walikuwa wamekwisha kujua kuwa mtoto wa jicho ni lenzi lenyewe lililoharibika. Katika Uchina bado lilifikiriwa kuwa utando uliozuka kutokana na kuvurugika kwa ini na upepo wa ndani. Mkono ulikuwa stadi, lakini ulikuwa ukifanya kazi kwa ramani ya zamani.

Tarehe 4 Novemba 1835, Mmarekani Peter Parker, aliyekuwa daktari na mhubiri, alifungua hospitali ya macho katika mji wa Guangzhou, ulioitwa Canton na wageni. Alichagua macho kwa busara: mtu aliyeingia akiongozwa kwa mkono na kutoka akitembea peke yake ni tangazo lisilohitaji mkalimani. Mfanyabiashara tajiri wa Kichina, ambaye wageni walimwita Howqua, alimpatia nyumba, na katika mwaka wa kwanza wagonjwa walizidi 2,000. Watu hawakuuliza kwanza kisu kile ni cha dini gani. Mwenye macho mabovu hana ugomvi na mkono unaomponya. Ugomvi huwa wa wale wanaoona.

Pigo kubwa la macho ya maskini, lakini, halikuwa mtoto wa jicho. Lilikuwa vikope, ugonjwa uitwao trakoma, ambao hukwaruza ndani ya kope mpaka kope zikajikunja na nywele zake zikalisugua jicho kila likipepesa. Ulikaa katika nyumba ambamo watu wengi walitumia kitambaa kimoja cha uso na beseni moja la maji. Hapana aliyekijua kiini chake kwa yakini. Mtafiti wa Kijapani Hideyo Noguchi alidhani amekipata mwaka 1928. Wengine walijaribu wakakuta sivyo. Mmoja wa waliomkanusha alikuwa mwanachuoni wa Kichina Tang Feifan. Huyu, pamoja na daktari wa macho Zhang Xiaolou wa Beijing, alifaulu mwaka 1955 kukikuza kiini cha ugonjwa huo katika mayai ya kuku yenye vifaranga tumboni, na matokeo yakatangazwa mwaka 1957. Ili kuondoa shaka ya mwisho, siku ya kuamkia mwaka 1958 alijitia kiini hicho katika jicho lake mwenyewe, akauacha ugonjwa ushike, akathibitisha kuwa kilichomo jichoni ndicho kile kile kilichokuwa katika yai. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, katika misukosuko ya siasa na baada ya kudhalilishwa hadharani, alijiua. Dunia ya elimu ilimkumbuka baadaye; mwaka 1981 alipewa nishani na jumuiya ya kimataifa ya kupambana na trakoma, naye amekwisha lala kaburini miaka zaidi ya 20.

Kazi ya Tang Feifan iliwezesha dawa za kuua vijidudu zijaribiwe barabara. Lakini dawa peke yake haikuwa jeshi zima. Katika vijiji na shule za Kichina watu walihimizwa kuwa kila mtu awe na kitambaa chake cha uso, na uso uoshwe kwa maji yanayotiririka. Agizo hilo halina fahari ya dhahabu wala jina la kupendeza la kale. Hata hivyo ni vigumu kutaja dawa ya kunywa iliyookoa macho mengi zaidi. Mwaka 2015 Uchina ilitangaza kuwa vikope si tatizo la umma tena katika nchi yake. Ukweli huo huo ulidhihirika mbali na huko, katika Kongwa ya Tanzania, ambako uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa vijiji vilivyopewa dawa pamoja na mafunzo ya kuwaosha watoto nyuso vilikuwa na ugonjwa mkali mchache kuliko vijiji vilivyopewa dawa tu. Maji na mazoea vilifika mahali ambapo dawa peke yake haikufika.

Mkutano wa utabibu wa kale na wa kisasa ulipata mfano wake mashuhuri katika sindano ile ile ya dhahabu. Mwaka 1955 chuo cha taifa cha utabibu wa Kichina kiliundwa Beijing, na kijana aliyejiunga na kazi za chuo hicho, Tang Youzhi, akaichukua kazi ya zamani ya kulisukuma lenzi akaichunguza kwa elimu mpya ya umbile la jicho, akatafuta mahali palipo salama zaidi pa kuingilia, na kuifanya kwa usafi wa hospitali. Mwezi wa Julai 1975 ndiye aliyemtibu Mao Zedong kwa njia hiyo, mzee huyo akiwa karibu kipofu, na Mao akaweza tena kusoma. Lakini ushindi huo ulikuwa pia machweo ya sindano. Lenzi la kubuni, linalowekwa mahali pa lile lililotolewa, lilienea duniani katika miaka iliyofuata, na leo hapana hospitali nzuri, katika Uchina au kwingineko, ambayo ingemchagulia mgonjwa kazi ya kulisukuma lenzi. Sindano ya dhahabu ilitumika kwa heshima zaidi ya miaka 1,200. Kuiweka katika makumbusho si kuitukana.

Mwaka 1963 shule za Beijing zilianza jambo ambalo karibu kila Mchina aliyesoma tangu hapo analikumbuka. Mara mbili kwa siku kipaza sauti kilipiga muziki, wanafunzi wakaweka kalamu chini, wakafumba macho, wakayakanda kwa vidole maeneo yanayozunguka macho: penye pembe ya pua, penye mwanzo wa nyusi, chini ya jicho, na panda za uso. Maeneo hayo yalichaguliwa kutokana na ramani ya tiba ya sindano. Mazoezi huchukua yapata dakika 5, na mwaka 2008 yalitengenezwa upya, yakaongezwa kukanda ndewe za masikio na kukunja vidole vya miguu kama vinavyoshika ardhi. Kusudi lake lilikuwa kuzuia ugonjwa wa kutoona mbali, ambao Sun Simiao aliuogopa kwa wanakili wake.

Kusudi lilikuwa jema, matokeo hayakulifuata. Mwaka 2018 serikali ya Uchina ilipima watoto na vijana, ikakuta kuwa asilimia 53.6 kati yao walikuwa na ugonjwa huo: asilimia 14.5 ya watoto wa miaka 6, asilimia 36 ya wanafunzi wa shule za msingi, na asilimia 81 ya wale wa madarasa ya juu ya sekondari. Hao wote walikuwa watoto na wajukuu wa mazoezi. Na lisidhaniwe kuwa jambo lenyewe ni dogo, la kumalizwa na miwani. Asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho lililorefuka kupita kiasi, na jicho likirefuka sana utando wake wa nyuma hutanuka na kuwa mwembamba. Utu uzimani huweza kubanduka au kuoza katikati, na hatari ya presha ya jicho huzidi. Miwani hurekebisha picha. Urefu wa jicho haiugusi. Hata tiba ya sindano ilipochunguzwa na jopo la Cochrane mwaka 2011, yalipatikana majaribio 2 tu ya kufaa, yote ya Taiwan, na hayakutosha kuthibitisha kuwa inaupunguza mwendo wa ugonjwa. Dakika 5 za kufumba macho ni pumziko jema kwa mtoto aliyechoka, na pumziko lina thamani yake. Kuliita pumziko hilo ngao ni kumpa mzazi usalama usiokuwapo.

Jibu lililo bora lilitoka Guangzhou, mji ule ule wa Parker. Tangu mwaka 2010 mpaka 2013, He Mingguang na wenzake walichukua shule 12 za msingi. Katika shule 6 watoto wa darasa la kwanza waliongezewa kila siku ya shule kipindi cha dakika 40 cha kukaa nje. Katika shule 6 nyingine mambo yaliachwa kama kawaida. Baada ya miaka 3, asilimia 39.5 ya watoto wa kundi la pili walikuwa wamepatwa na ugonjwa, na asilimia 30.4 ya wale waliotoka nje. Hawakupewa kidonge, tone la dawa, wala zoezi la vidole. Walipewa jua la mchana. Wataalamu wadhani kuwa mwanga mwingi wa nje huufanya utando wa nyuma wa jicho utoe dopamini, ambayo hulizuia jicho lisirefuke. Tofauti hiyo ya watoto 9 katika kila 100 si kubwa ya kutangaza kuwa vita vimekwisha. Lakini ni tofauti iliyopimwa, na gharama yake ni mlango wa darasa kufunguliwa.

Na dawa za mitishamba je? Maua ya krisanthemu yangali yakitiwa katika chai ya watu wanaofanya kazi mbele ya viwambo vya kompyuta, na matunda madogo mekundu ya gouqi yangali yakichemshwa katika supu. Gouqi yana rangi iitwayo zeaksanthini, ambayo ni moja ya rangi zinazolinda kitovu cha utando wa jicho. Katika jaribio dogo la Chuo Kikuu cha California, Davis, lililotangazwa mwaka 2021, watu wazima waliokula gramu 28 za matunda hayo mara 5 kwa wiki kwa siku 90 waliongezeka rangi hiyo ya kinga machoni. Washiriki wote walikuwa 27 tu, na hapana aliyethibitisha kuwa mla gouqi huepukana na upofu. Basi matunda hayo na yaliwe kama chakula kizuri. Hatari huanza pale chai inapochukua nafasi ya daktari: pale mzee mwenye presha ya jicho, ugonjwa unaoiba nuru kimyakimya bila ya maumivu, anapoambiwa ini lake lina joto, akanywa maua mwaka mzima. Nuru inayopotea kwa ugonjwa huo hairudi kwa mitishamba wala kwa kisu. Kadhalika si halali kutia jichoni kitu chochote kilichochemshwa nyumbani, kwa kuwa maji yanayofaa tumboni si lazima yafae jichoni.

Mwaka 2018 wizara 8 za serikali ya Uchina ziliandika mpango wa kuyalinda macho ya watoto, na mwaka 2021 sheria zilipunguza kazi za nyumbani na masomo ya ziada ya kulipia, na zikaweka kikomo cha saa 3 kwa wiki kwa michezo ya intaneti ya vijana wasiotimiza miaka 18. Madarasani watoto bado hufundishwa kanuni ya ngumi moja, futi moja na inchi moja ya Kichina: ngumi moja kati ya kifua na meza, chi moja, yaani sentimita 33, kati ya jicho na kitabu, na cun moja, yaani sentimita 3 na kidogo, kati ya kidole na ncha ya kalamu. Ukiliondoa jina la kisasa, kila moja ya kanuni hizi ni mtoto wa orodha ya Sun Simiao. Alikataza kusoma usiku maandishi madogo, kunakili bila ya mwisho, na kucheza bila ya kupumzika. Miaka 1,370 imepita, na mizani imelalia upande wa maonyo yake kuliko upande wa vidonge vyake.

Lililo gumu ni kuwa maonyo hayo yagombana na hadithi ambayo taifa linaipenda. Mzazi yule yule anayemtaka mwanawe atoke nje juani, ndiye anayetaka apite mtihani, na siku ina saa zile zile. Kuchagua dakika 40 za jua ni kuchagua kurasa chache zisisomwe leo. Katika kitabu cha watoto Che Yin angali ameinama juu ya mfuko wake wa hariri, na kila kizazi huambiwa kimwige. Labda ingefaa mwalimu anayeisimulia hadithi hiyo ainue kichwa, aseme kuwa kijana yule alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na taa, wala si kwa sababu giza ni jema. Kisha afungue mlango, awaache watoto watoke nje kabla jua halijashuka.